Pointi tatu za Monza

Septemba 7, 2025, mbio za magari za Formula 1 za Italia zikielekea ukingoni pale Monza, timu ya McLaren ilimtaka Oscar Piastri ampishe mwenzake Lando Norris. Max Verstappen wa Red Bull alikuwa ameshapotelea mbele, kwa hiyo kilichokuwa kinagombewa ni nafasi ya pili, na Norris ndiye aliyekuwa ameishika kwa muda mrefu. Alikuwa amekubali Piastri atangulie kuingia piti, yaani kituo cha kubadilishia matairi, kwa sababu Charles Leclerc wa Ferrari alikuwa anamnyemelea Piastri kwa nyuma, lakini kwa sharti kwamba yeye asipoteze nafasi yake kwa ajili ya hisani hiyo. Zamu yake ilipofika, tairi moja la mbele likachelewa kufungwa. Aliporudi barabarani, Piastri alikuwa ameshapita. Timu ikasema nafasi irudishwe. Piastri akajibu redioni kwamba walishakubaliana kuwa kuchelewa piti ni sehemu ya mbio. Kisha akapunguza mwendo, Norris akapita.

Wa pili hupata pointi 18, wa tatu 15. Msimu ulipofungwa Abu Dhabi miezi mitatu baadaye, Norris alikuwa bingwa wa dunia kwa pointi 423, Verstappen 421, Piastri 410. Mpunguzie Norris zile tatu za Monza, anabaki na 420, na ubingwa unakwenda kwa Verstappen kwa tofauti ya pointi moja.

Najua hesabu ya namna hii haishiki sana, maana ukigusa jambo la Septemba, ya Oktoba nayo huenda yasitokee jinsi yalivyotokea. Hata hivyo mashabiki wanaifanya, na mimi niliifanya usiku uleule, kalamu mkononi. Ndiyo inayoeleza kwa nini tukio dogo la nafasi ya pili bado linagombanisha watu. Oktoba mwaka huo Norris alishinda Mexico kwa kuwaacha wenzake sekunde 30, ushindi usio na doa, na bado alizomewa akiwa jukwaani.

Kazi yangu ni uhandisi wa mbio. Si katika Formula 1. Ni katika ngazi za chini, ambako vijana hupanda kuelekea huko. Lakini utaratibu ni uleule: ukuta wa piti wanapokaa wahandisi wakati wa mbio, vipokea sauti masikioni, magari mawili kwenye skrini, na kitufe cha redio chini ya kidole. Nimewahi kukibonyeza kutoa amri ya kupisha. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu amri za timu, siandiki kama mtu aliyetazama kwenye televisheni tu.

Kitu cha kwanza ambacho mashabiki wengi hawakipi uzito ni kwamba mchezo huu una mataji mawili yanayoshindaniwa kwa wakati mmoja. Kuna ubingwa wa madereva, ambao ndio dunia nzima inaukumbuka, na kuna ubingwa wa waundaji, yaani wa timu, unaojumlisha pointi za magari yote mawili. Fedha za zawadi hugawanywa kwa kufuata msimamo wa timu. Mamia ya watu wanaochonga vipuri kiwandani hulipwa, kwa kiasi fulani, na jumla hiyo ya pili. Ukikaa ukutani, ubongo wako unazoea kuona jumla: wa kwanza na wa pili ni pointi 43, haijalishi nani yuko mbele. Shabiki haoni hivyo hata kidogo. Amevaa kofia yenye namba ya mtu mmoja, ameamka usiku wa manane kumtazama mtu mmoja. Ukimwambia kwamba timu haikupoteza chochote, hujamjibu.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kanuni za Formula 1 zinalazimisha fahali wawili kwenye kila zizi, kisha zinamtaka mwenye zizi ahakikishe hawaumizani. Adui wa kwanza wa dereva ni mwenzake wa timu, kwa kuwa ndiye pekee mwenye gari kama lake. Akishindwa naye, hana pa kujificha.

Sasa, kwa nini amri hazikwepeki hata timu ikiwa na nia safi? Nitachukua mbio za Hungaria za 2024, kwa sababu ni mfano ninaoupenda kuwaonyesha vijana wanaojifunza kazi hii. Piastri alikuwa anaongoza, Norris wa pili. Matairi yakichakaa, gari lenye matairi mapya linaweza kuwa na kasi zaidi kwa sekunde nzima au zaidi katika kila mzunguko. Maana yake ni kwamba anayetangulia kuingia piti hupata mizunguko kadhaa ya kasi huku aliye mbele yake akiburuza matairi ya zamani, na aliye mbele akija kuingia naye, hutoka akiwa nyuma. Kwa desturi anayeongoza huingia kwanza, ili asinyang'anywe nafasi na mwenzake kwa njia hiyo. Lakini siku hiyo Lewis Hamilton wa Mercedes alikuwa nyuma ya Norris na ameshabadilisha matairi. McLaren wakahofia Norris atapitwa, wakamwita yeye kwanza, mzunguko wa 45. Piastri akaingia wa 47. Alipotoka, Norris alikuwa mbele.

Tazama hapo. Hakuna aliyemwibia Piastri kwa makusudi. Norris hakufanya kosa lolote. Aliitwa, akaingia, akaendesha kwa kasi. Timu ilikuwa inalinda nafasi mbili za juu. Hata hivyo mpangilio wa magari ulikuwa umegeuzwa na ukuta, si na madereva. Amri ya kurudisha nafasi ilikuwa inafuta athari ya amri ya mwanzo, na wengi hawaoni kwamba kuita gari piti nayo ni amri. Norris alibishana kwa mizunguko mingi, mhandisi wake akimsihi kwamba atakuja kuihitaji timu na kumhitaji Oscar akitaka ubingwa. Mzunguko wa 68 kati ya 70 akapisha, na Piastri akapata ushindi wake wa kwanza. Nilisikiliza mazungumzo yale ya redio mara tatu. Nilimhurumia Norris, na nilimhurumia yule mhandisi zaidi.

Zamani haya yalifanyika mchana kweupe. Mwaka 1956, Monza hiyohiyo, Peter Collins alishuka kwenye gari lake katikati ya mbio akamkabidhi Juan Manuel Fangio, mwenzake wa Ferrari, ambaye gari lake lilikuwa limeharibika. Kanuni za wakati ule ziliruhusu. Collins mwenyewe alikuwa bado na nafasi ya kuwa bingwa siku hiyo. Fangio akatwaa taji. Nusu karne baadaye dereva mwingine wa Ferrari alimpisha mwenzake, na uwanja mzima ukalipuka kwa hasira.

Hiyo ni Austria, Mei 12, 2002. Rubens Barrichello alianza wa kwanza, akaongoza, na alikuwa anastahili kushinda. Mita chache kabla ya mstari wa kumaliza akapunguza mwendo, Michael Schumacher akapita. Kilichowachoma watu si amri peke yake. Yalikuwa mashindano ya sita kati ya 17, na Schumacher alikuwa ameshinda manne kati ya matano yaliyotangulia. Hakuna mpinzani aliyekuwa anamkaribia; alikuja kumaliza kazi ya ubingwa Julai nchini Ufaransa, mashindano sita yakiwa bado mkononi. Timu ilichukua kwa Barrichello kitu kikubwa ili impe Schumacher kitu asichokihitaji. Jukwaani, katikati ya makelele ya kuzomea, Schumacher akamsukuma Barrichello apande ngazi ya juu. FIA, shirikisho linalosimamia mchezo huu duniani, ikawatoza faini ya dola milioni moja, nusu yake ikiwa ya kusubiri, na haikuwa kwa ajili ya kupishana, maana hakukuwa na kanuni iliyokataza. Ilikuwa kwa kuvuruga taratibu za jukwaani.

Kisha likaja kosa ambalo, kwa maoni yangu, limeudhuru mchezo huu kuliko Austria yenyewe. Kuanzia 2003 FIA ilipiga marufuku amri za timu zinazoathiri matokeo. Ukisoma harakaharaka unaona haki imetendeka. Lakini timu bado zilikuwa na magari mawili na hesabu moja, na kitufe cha redio hakikuondolewa. Tulichofundishwa sote tuliokuwa tunaingia kazini miaka hiyo ni namna ya kusema jambo bila kulisema. Punguza mafuta. Linda matairi. Angalia joto la injini. Dereva alijua, mhandisi alijua, na shabiki akabaki kukisia.

Hockenheim, Ujerumani, Julai 25, 2010, ndipo pazia lilipopasuka. Felipe Massa wa Ferrari alikuwa anaongoza, mwaka mmoja kamili tangu ajali iliyokaribia kumuua Hungaria. Mhandisi wake, Rob Smedley, akamwambia taratibu, neno kwa neno, kwamba Fernando, yaani Fernando Alonso, mwenzake wa timu, ana kasi zaidi yake, na akamtaka athibitishe kuwa ameelewa. Hakuna neno la amri ndani yake. Kila aliyesikia aliielewa sauti ile. Massa akapisha, Ferrari wakatozwa dola 100,000, ushindi wa Alonso ukabaki, na mwaka uliofuata marufuku ikafutwa kwa kuwa haikuwezekana kuisimamia. Alonso alivuna pointi saba za ziada siku ile na bado akaukosa ubingwa kwa pointi nne.

Mimi nilitoa amri yangu misimu michache baada ya hapo. Kijana aliyekuwa mbele hakuwa na nafasi ya ubingwa, aliyekuwa nyuma alikuwa nayo, na mashindano yalikuwa yamebaki mawili. Hesabu ilikuwa wazi. Nilibonyeza, nikasema apishe, akapisha bila kujibu. Jioni alinikuta nikikunja nyaya, akaniuliza swali moja: "Kwa nini hukuniambia asubuhi?" Hakulalamikia kupisha. Tulikuwa tumekaa naye saa nzima kwenye kikao, tunajadili matairi na hali ya hewa, nami nilikuwa najua fika kwamba huenda nikamwomba hivyo. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi kunyamaza. Sikuwa na jibu la kumpa, na sijalipata mpaka leo.

Tangu hapo naipima amri yoyote kwa swali lake. Mbio za Imola, Italia, za 1982 zinashindwa vibaya. Timu ya Ferrari iliwanyooshea Gilles Villeneuve na Didier Pironi ubao wa kupunguza mwendo. Villeneuve, aliyekuwa mbele, alielewa kwamba nafasi zibaki kama zilivyo. Pironi alielewa kwamba walinde magari, na akampita mzunguko wa mwisho. Villeneuve aliapa kutozungumza naye tena. Wiki mbili baadaye, Mei 8, alifariki katika mazoezi ya kupanga nafasi kule Zolder, hawajapatana. Malaysia 2013 haikuwa na utata wa aina hiyo: maagizo yalikuwa ya namba, gari la 2 libaki mbele ya gari la 1, yaani Mark Webber mbele ya Sebastian Vettel, wote wa Red Bull. Vettel aliyajua, akayavunja, akashinda, na msimu ule akazomewa jukwaani zaidi ya mara moja. Na Hungaria 2017 inafaulu: Hamilton alipewa nafasi na Valtteri Bottas, mwenzake wa Mercedes, ili ajaribu kuwafukuzia Ferrari, kwa ahadi kwamba akishindwa atairudisha. Alishindwa. Kona ya mwisho akairudisha, akapoteza pointi tatu katikati ya vita ya ubingwa, na akatwaa taji hata hivyo.

Hata Monza 2025 naiona imefaulu nusu. Sharti liliwekwa kabla ya Piastri kuingia piti, na hilo ni jema. Lakini Piastri naye alikuwa na hoja: kama makubaliano yalisema kuchelewa piti ni bahati ya mtu, basi tairi lile lilikuwa bahati ya Norris. Makubaliano mawili yaligongana, na hakuna aliyekuwa amefikiria yakigongana itakuwaje.

Miaka yote hiyo ya mafumbo ya redioni imeacha kitu kwa mashabiki. Wamefundishwa kwamba wanachokiona sicho. Novemba 30, 2025, Qatar, katika mzunguko wa kabla ya mwisho, Kimi Antonelli wa Mercedes aliteleza nje ya barabara na Norris akapita kuwa wa nne. Pointi mbili zaidi kwa Norris. Baadhi ya watu wa Red Bull, timu ya Verstappen, walitamka hadharani kwamba alimpisha. Ukitazama picha za ndani ya gari unaona nyuma ya gari ikiteleza, mikono ikirekebisha usukani haraka, gari likitoka. Ni kosa la matairi yaliyochoka na hewa iliyovurugwa na gari la mbele, kosa ambalo nimeliona mara nyingi sana. Kesho yake Red Bull walitoa taarifa kwamba madai yale hayakuwa ya kweli na kwamba wanasikitika. Kijana alikuwa ameshatukanwa na kutishiwa maisha mtandaoni na watu wasiowahi kumwona. Aliondoa picha yake kwenye ukurasa wake, akaweka weusi mtupu. Alikuwa na umri wa miaka 19.