Je, wajua kwa nini blauzi iliyofuliwa vizuri inatoa uvundo ukishaivaa?

Blauzi umeifua, umeisuuza maji matatu, imekauka, umeipiga pasi, asubuhi unaivaa inanukia sabuni kabisa. Inafika saa tano uko kazini, mwili umepata joto kidogo, ndo unaanza kusikia ile harufu. Wala sio kikwapa. Ni uvundo, kama tambara lililosahaulika chini ya sinki, na unatoka kwenye nguo ambayo asubuhi tu ilikuwa safi. Mtu wa Moshi mwezi wa nne au wa Arusha mwezi wa saba anaijua vizuri hii kitu. Januari huisikii, nguo ni zilezile, sabuni ileile, beseni lilelile.

Majibu ya mtaani yapo mengi na kila moja lina mantiki yake, tatizo ni kwamba karibu yote yanamtuma mtu kufanya kitu kinachoongeza shida, kwa hiyo itabidi tukae nayo kidogo.

La kwanza ni kwamba nguo haikusuuzwa vizuri, na hapo dada wa kazi anasemwa bure. Sabuni ikibaki kwenye nguo inaweza kuiacha ngumu, inaweza kuacha weupe kwenye mishono kama gauni ni jeusi, inaweza hata kuwasha ngozi, ila yenyewe hainuki uvundo. Wengine wanasema kinyume, kwamba sabuni haikutosha, wanamwaga ya unga mara mbili halafu juu yake wanaongeza ile ya maji ya kulainisha na kutia harufu. Hiyo ya kulainisha inafanya kazi kwa kuacha utando mwembamba juu ya nyuzi, ndo maana taulo likizoeshwa hiyo linaanza kuteleza badala ya kunyonya maji. Harufu ya maua inakaa juu, kinachonuka kinabaki chini yake, na ikifika mchana unanuka vyote viwili kwa pamoja, jambo ambalo ni baya kuliko kunuka kimoja.

La pili ni kwamba ni ukungu. Hili lina heshima kidogo kwa sababu ukungu upo kweli na huku kwetu unakula vitu, ila ukungu huwa unaonekana. Ni vidoa vyeusi au vya kijani, unapenda koti la ngozi, pochi, mkanda, viatu, na nguo zilizobanana kwenye kabati lililosukumwa mpaka ukutani, na unataka siku kadhaa kuota. Blauzi iliyofuliwa juzi ikavaliwa leo haijapata muda huo. Hata harufu yake ni nyingine, ukungu unanuka kama stoo iliyofungwa muda mrefu, uvundo unanuka kama tambara bichi, na pua ya mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye masika inatofautisha bila shida.

La tatu ndo limeshika mizizi kuliko yote: nguo imekosa jua. Mama zetu walianika kila kitu juani na hawakukosea, ila sababu wanayopewa watu siku hizi, kwamba jua linaua vijidudu vyote na bila jua nguo lazima inuke, ndo imechanganya mambo. Kuna siku za Agosti mwishoni pale Arusha mawingu yamefunga tangu asubuhi, jua huoni, lakini kuna upepo mkavu, na nguo inakauka barazani bila harufu yoyote. Na kuna siku za Aprili jua linatoka lisaa, linaingia, mvua inapiga, linatoka tena, nguo inaanuliwa na kuanikwa kutwa nzima na mwisho inavunda japo jua ililiona. Jua linasaidia sana, tena sana, ila msaada wake mkubwa ni kukausha haraka.

Sasa mhusika mwenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa Japani, Hiromi Kubota na wenzake, walichapisha kazi iliyoifuatilia harufu hii mpaka kwenye chanzo. Kwenye maandishi yao ya kisayansi, kwa uso mkavu kabisa, wameielezea kama harufu ya kitambaa kichafu cha kufutia vumbi kilicholowa. Waliona sehemu kubwa ya harufu inatokana na asidi moja ya mafuta, na anayeitengeneza kwa wingi ni bakteria anaitwa Moraxella osloensis, ambaye yupo tu majumbani na hasa kwenye vitambaa vinavyogusa ngozi. Anachokula ni mabaki ya mafuta na jasho la mwili ambayo kufua kwa maji baridi hakuyatoi yote. Anachohitaji zaidi ya hapo ni unyevu.

Kinachofurahisha ni kwamba huyu mdudu anavumilia kukauka na anavumilia pia mionzi ya aina ile inayotoka kwenye jua. Nguo ikikauka hafi, anatulia. Ndo maana blauzi yako asubuhi hainuki: imekauka, yeye kalala. Ukianza kutoa jasho kidogo kwapani na mgongoni umempa maji, umempa joto, umempa na chakula, anaamka na kuendelea alipoachia. Kumbe uvundo wa saa tano ulitengenezwa juzi kwenye kamba, wewe umeuamsha tu.

Tahadhari mbili kabla hatujaendelea. Watafiti wale walikuwa wa kampuni ya Kao, ambayo inauza sabuni za kufulia, kwa hiyo uwasome ukilijua hilo. Halafu utafiti ulikuwa wa nguo za Japani, na kwenye nguo kunakuwa na bakteria wa aina nyingi, hivyo kusema kila uvundo wa mitaa yetu ya Kijenge au Majengo unamhusu huyu mmoja itakuwa ni kumsingizia. Kanuni haibadiliki lakini: kadiri nguo inavyokaa mbichi muda mrefu ndivyo wanavyozaliana, na ikikauka mapema wanakosa nafasi.

Kwa hiyo swali la kweli ni kwa nini nguo inachelewa kukauka, na hapa ndo pa kukaa. Fikiria nguo yako ni kituo cha daladala, maji yaliyomo ni abiria, na hewa inayopita ni Hiace. Abiria hawaondoki kwa sababu wamechoka kusubiri, wanaondoka kwa sababu gari limekuja na lina nafasi. Hewa ya joto ni gari kubwa: kwenye nyuzi joto 30, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba mvuke wa maji gramu 30 hivi. Kwenye nyuzi 15, ambayo ni asubuhi ya kawaida tu ya Julai pale Arusha, hewa hiyohiyo inabeba kama gramu 13, yaani gari limekuwa dogo zaidi ya nusu. Halafu hilo dogo lenyewe linafika kituoni likiwa limeshajaa, kwa sababu kipindi hicho pepo za kusi zinaleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi, zinakutana na Meru na Kilimanjaro, zinapandishwa juu, zinapoa, na unyevu unageuka yale mawingu yanayokaa kichwani mpaka mchana. Moshi iko upande wa kusini wa mlima kabisa, ndo unaopokea zigo la masika, na ukipanda Kibosho au Machame ndo kabisa.

Upepo kwenye huu mfano ni gari kupita mara kwa mara. Hata kama kila moja lina nafasi mbili tu, yakipita mengi kituo kitaisha watu. Sasa ukianika chumbani umefunga madirisha, umepaki Hiace moja kituoni, inajaa ndani ya muda mfupi na haiondoki, abiria waliobaki wanasimama hapo mpaka kesho. Ndo maana feni ndogo inayopuliza nguo huku dirisha likiwa wazi kidogo inasaidia kuliko watu wanavyodhani, na ndo maana nguo mbili zilizogusana kwenye kamba zinavunda pale zilipogusana. Jiko la mkaa ndani ili nguo zikauke, hapana. Linatoa gesi ya sumu isiyo na harufu na watu wanalala wasiamke.

Ukishalielewa hili, hata kuchagua nguo za msimu kunabadilika. Watu kwenye masoko ya mitumba, Kilombero ya Arusha au Memorial ya Moshi, wakifika kwenye sweta wanashika lile zito kuliko yote, kisa baridi. Masweta mawili mepesi ya kuvaa moja juu ya jingine yana joto zuri tu, maana hewa inayokaa katikati ndo inayokukinga, na yakifuliwa yanakauka wakati lile zito bado linadondosha maji kwenye ndoo. Geuza nguo ndani nje kabla hujatoa hela. Gauni lenye bitana, lenye sponji mabegani au lastiki nene kiunoni, hayo maeneo ndo yatakuwa ya mwisho kukauka, hivyohivyo mifuko na kiuno cha jinzi na kofia ya hudi. Sketi ya jinzi nzito mwezi wa nne ni kutafuta kesi, wakati kitenge chepesi cha pamba kitakuwa kimekauka zamani.

Hapo kwenye pamba kuna kichekesho. Pamba inapenda maji, hata ikiwa imekauka kwa macho yako inabaki na unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake kwenye hewa ya kawaida, wakati poliesta haifiki asilimia 1. Ungesema basi poliesta ndo jibu, tuvae madera ya poliesta masika yote tumalize. Ila mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwapandisha watu 26 kwenye baiskeli za mazoezi, wakakusanya fulana zao, wakakuta za poliesta zinanuka vibaya kuliko za pamba, na kulikuwa na bakteria wengine kabisa waliostawi kwenye poliesta. Poliesta haitaki maji lakini mafuta ya mwili inayashika. Kwa hiyo inakimbia uvundo wa kamba inaingia kwenye harufu ya jasho. Mchanganyiko wa pamba na poliesta kwa blauzi za kazini ni suluhu nzuri, na skin taiti na leginsi usizirudie siku mbili hata kama zinaonekana safi.

Kwenye kufua, kitu cha kwanza kuacha ni kuloweka usiku kucha kwenye maji baridi. Inaonekana ni bidii lakini umewapa bakteria beseni, chakula na masaa kumi. Nusu saa inatosha. Kukamua ndo kunalipa kuliko chochote: blauzi na sweta usizinyonge, zilaze juu ya taulo kavu, zikunje pamoja, kandamiza, na maji mengi yatahamia kwenye taulo. Anika asubuhi mapema na sio jioni, maana usiku hewa inapoa na umande unairudishia nguo maji iliyokuwa imeyatoa. Tumia hanga badala ya kukunja gauni juu ya kamba, jinzi igeuze mifuko nje, hudi ining'inize kofia ikiwa wazi. Kitenge cha rangi kali na jinzi nyeusi ukiziweka kwenye upepo chini ya paa utazitunza rangi pia, jua lile kali la Januari linafubaza.

Nguo ambayo imeshavunda kuipulizia pafyumu au kuianika tena ni kazi bure, inatakiwa ifuliwe upya, na ikiwezekana kwa maji ya moto. Pamba nyeupe inavumilia hata kuchemshwa, au Jik kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kitenge jaribu kwanza pembeni, kuna vinavyomwaga rangi hata kwa maji ya uvuguvugu. Sweta la sufu usilipeleke kwenye maji ya moto kabisa, litakutoka saizi ya mtoto, hilo lifue kwa uvuguvugu na ulilaze bapa penye upepo. Pasi ya moto kwenye nguo ya pamba iliyobaki na unyevu kidogo nayo inasaidia, mradi usiikunje na kuiweka kabatini ikiwa bado ina fukuto, iache kwenye hanga kwanza.

Na hiyo pasi ina sababu nyingine ambayo wazee waliishikilia bila kuieleza sana. Kuna nzi hapa Afrika, jina lake la kitaalamu Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na anapenda zaidi zilizo kivulini kuliko zilizo juani. Vibuu vikitoka vinaingia kwenye ngozi na kuota kama jipu. Kwa hiyo ukihamishia kamba kivulini kwa ajili ya upepo na rangi, pasi inakuwa ya lazima, pande zote mbili, na kwenye mishono ukae zaidi. Chupi, sidiria na nguo za mtoto zianze, halafu blauzi ya kazini ifuate.