Je, wajua kwa nini Bangladesh imeiacha Pakistan nyuma katika vita dhidi ya njaa?

Wapo wanaoamini kwamba njaa ya nchi za Kiislamu inatokana na dini yenyewe. Tazama Faharasi ya Njaa Duniani ya mwaka 2024, ambayo alama zikipanda, njaa nayo imezidi. Uturuki iko chini ya 5, Indonesia ina 16.9, Yemen 41.2 na Somalia 44.1. Wote hao wanaelekea kibla kimoja. Jibu litafutwe kwingine, na mimi naona pa kulitafutia ni kwa ndugu wawili waliolelewa nyumba moja.

Hadi mwaka 1971 Bangladesh ilikuwa Pakistan ya Mashariki, na ndiyo iliyokuwa upande maskini. Novemba 1970 kimbunga kiliua watu wanaokadiriwa kufikia laki tatu au zaidi. Ikaja vita ya ukombozi, kisha mwaka 1974 njaa kali. Watu wengi ulimwenguni waliikatia tamaa.

Lakini katika faharasi hiyo ya 2024 Bangladesh ina alama 19.4 za njaa, Pakistan 27.9. Katika maendeleo ya binadamu, kipimo kinachojumlisha umri wa kuishi, elimu na kipato, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2025 inaipa Bangladesh 0.685 na Pakistan 0.544. Inasikitisha kidogo, kwa sababu aliyeongoza kubuni kipimo hicho mwaka 1990 alikuwa Mpakistani, mchumi Mahbub ul Haq, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa nchi yake.

Kilichoniteka zaidi ni kwamba Bangladesh ilianza kuokoa watoto wake vizuri kuliko Pakistan ikiwa bado ndiyo yenye kipato kidogo. Fedha hazikutangulia. Kilitangulia nini?

Kilitangulia hodi mlangoni. Mwaka 1980 BRAC, shirika lisilo la kiserikali la Bangladesh, lilianza kutuma wanawake vijijini, nyumba hadi nyumba, kuwafundisha akina mama kutibu kuhara: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari guru konzi moja, maji karibu nusu lita. Mama anakoroga mwenyewe, anaonja, mgeni anatazama. Baada ya wiki kadhaa mkaguzi anarudi kwa baadhi ya akina mama na kuwauliza wanakumbuka nini, na ujira wa mwalimu ulitegemea majibu yao. Hebu fikiria: mwalimu halipwi kwa kusema, analipwa kwa kueleweka! Kufikia 1990 kaya zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimefikiwa. Tiba hiyo ni ndugu wa pakiti za ORS tunazopewa zahanati, na utafiti uliothibitisha kuwa maji ya aina hiyo yanafaa kwa kipindupindu ulifanyika Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, mwaka 1968.

Hapo ndipo kuhara na njaa hukutana. Mtoto anayehara kila mara hata akishiba chakula hakimjengi, anadumaa. Na faharasi ya njaa haipimi sahani tupu pekee. Inahesabu pia udumavu, ukondefu na vifo vya watoto walio chini ya miaka 5.

Kwa mtindo uleule wa kubisha hodi, wahudumu wa kike walipeleka uzazi wa mpango majumbani. Mwanamke wa Bangladesh aliyekuwa akizaa wastani wa watoto karibu 7 miaka ya sabini, sasa anazaa kama 2. Pakistan bado ni zaidi ya 3. Kisha mwaka 1994 serikali ikaanza kuwalipa posho wasichana wa sekondari vijijini, kwa sharti wahudhurie, wafaulu, na wasiolewe kwanza. Viwanda vya nguo vikawapa wengi mshahara wa kwanza, na mshahara ulio mkononi mwa mama hufika jikoni upesi.

Pakistan nayo imepigwa kwelikweli: mafuriko ya 2022 pekee yaligusa watu milioni 33. Lakini Bangladesh nayo hufurika, kwa hiyo maji hayatoshi kueleza tofauti.

Wala nisipake rangi. Mwaka 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua zaidi ya wafanyakazi 1,100, wengi wao wanawake hao hao wa viwandani. Na hadi sasa, kati ya kila watoto 10 wadogo wa Bangladesh, takriban mmoja amekonda kupita kiasi.