Mashine ya CNC ya Kuchonga Mbao: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Milango ya nakshi, vichwa vya vitanda na mapambo ya ukutani yaliyochongwa kwa mashine ya CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta kwa namba, yamekuwa bidhaa za kawaida katika maduka ya samani ya miji yetu mikubwa. Vijana wengi wanaotaka kujifunza kazi hiyo huanza kwa kuitazama, ama wakisimama karakanani kando ya mashine, ama wakifuatilia video kwenye simu. Kutazama ni njia ya heshima ya kujifunza, na maseremala wetu wamerithishana ufundi hivyo kwa vizazi. Hata hivyo, mashine hii humwonyesha mtazamaji sehemu ndogo tu ya kazi yake, na anayeikodolea macho biti, yaani kile kisu kinachozunguka na kukata, bila kuangalia kingine huondoka na imani ambazo baadaye huharibu mbao, huvunja biti na huhatarisha afya.

Dhana: Mashine inajua inachokichonga

Anayeona biti ikiinuka, ikihama na kushuka mahali panapotakiwa hudhani kwamba mashine ina akili ya kutambua kilicho mbele yake. Ukweli ni kwamba inafuata namba tu, mstari baada ya mstari. Hata asili yake ni namba: mwishoni mwa miaka ya 1940, John T. Parsons wa Traverse City katika jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na umbo la mapanga hayo lilikokotolewa kuwa jedwali la nukta ambazo mafundi walizifuata moja moja kwa kuzungusha mikono ya mashine. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyosoma namba za aina hiyo kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa.

Leo utepe umekuwa faili, lakini utii ni ule ule. Mstari wa «G1 X200 F6000» huiamuru mashine isogee kwa njia iliyonyooka hadi nukta ya milimita 200 kwenye mhimili wa X, kwa kasi ya milimita 6,000 kwa dakika. Kama njiani kuna kibano cha chuma, itakigonga. Mashine nyingi ndogo, tena, hutumia mota za hatua, yaani zinazozunguka kidogo kidogo kwa hatua zilizohesabiwa, ambazo hupokea amri bila kurudisha taarifa yoyote. Biti ikikwama na mota ikapoteza hatua chache, kazi huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na nakshi yote inayofuata huchongwa kando ya mahali pake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ya namna hiyo hupoteza kumbukumbu ya mahali ilipo. Kwa sababu hiyo fundi makini huweka sifuri ya kazi, yaani nukta ambapo vipimo vyote huanzia, kwenye kona anayoweza kuipata tena kwa uhakika, na huiandika pembeni kabla ya kuanza.

Dhana: Kupeleka biti polepole ndiko kuitunza

Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa zaidi, kwa sababu inafanana na busara. Tumelelewa tukiambiwa kwamba polepole ndio mwendo, na mwanafunzi anayeogopa kuvunja biti hupunguza kasi ya kusogea huku akiiacha mota izunguke mara 18,000 kwa dakika. Biti hubaki mahali pamoja ikisugua badala ya kukata. Msuguano huzaa joto, ukingo wa mbao huwa mweusi, karakana hunuka moshi, na makali ya biti huisha mapema.

Joto linalozalishwa katika ukataji huondoka kwa sehemu kubwa pamoja na maranda, kwa hiyo kila ukali wa biti unapaswa kuchukua kipande chenye unene wa kutosha kulibeba. Hesabu yake ni rahisi: idadi ya mizunguko kwa dakika, mara idadi ya makali, mara unene wa kila kipande. Biti yenye makali mawili inayozunguka mara 18,000 na kuchukua milimita 0.2 kwa kila ukali inahitaji kusogea milimita 7,200 kwa dakika. Mashine ndogo ya mezani huenda isifike huko. Tuseme uwezo wake ni milimita 1,500 kwa dakika: kwa mizunguko ile ile na makali yale yale, kila ukali utachukua takriban milimita 0.04 tu, yaani utasugua. Fundi anayeijua hesabu hii hubadilisha biti akaweka yenye ukali mmoja, hushusha mizunguko hadi 10,000, na kila ukali huchukua milimita 0.15 bila kuongeza mwendo hata kidogo. Mbao ngumu ikiilemea mashine, hupunguza kina cha kila mpito na kuongeza idadi ya mipito, badala ya kuiacha biti itambae.

Basi anayetazama aangalie kinachoanguka chini. Maranda yanayoonekana wazi kuwa vipande ni dalili njema. Unga laini kama wa sembe, kwa mbao asilia, ni dalili kwamba biti inasugua au imekwisha makali. MDF, ubao wa kiwandani, ni jambo tofauti, kwa kuwa yenyewe imetengenezwa kwa nyuzi laini na hutoa unga hata ikikatwa vizuri. Sikio nalo lifanye kazi: sauti inayolia kwa ukali na kupanda ni malalamiko ya biti inayotetemeka.

Dhana: Video zinatosha

Video nyingi huharakishwa, na karibu zote hukatwa. Kinachoondolewa ni kile kile anachokihitaji mwanafunzi: kusawazisha ubao wa chini unaolinda meza, kufunga mbao isitikisike, kuchagua biti, kuweka sifuri ya mhimili wa Z, ule wa kwenda juu na chini. Kosa dogo katika hiyo sifuri hutosha kutoboa meza au kuichonga hewa. Ukipata ruhusa ya kusimama karakanani, fika kabla mashine haijawashwa na ukae hadi kazi ifunguliwe, kwa kuwa dakika hizo zina mafunzo kuliko saa nzima ya kutazama nakshi ikijitokeza.

Omba pia kuona kazi ikijaribiwa hewani, yaani sifuri ya Z ikipandishwa juu kupita kina cha kazi yote ili biti ipite njia nzima bila kugusa mbao. Programu za kuandaa kazi huweza kuonyesha njia hiyo kwenye kompyuta, na programu huria kama Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009, imeufanya uendeshaji wa mashine ndogo uwe nafuu kwa wanaojifunza.

Dhana: Inaweza kuchonga umbo lolote

Biti ya kawaida iliyonyooka hukata kwa mviringo, hivyo haiwezi kuacha kona ya ndani iliyo mraba. Biti ya kipenyo cha milimita 6 huacha kona yenye nusu kipenyo cha milimita 3, na patasi ya seremala ndiyo inayoimalizia. Mashine ya mihimili mitatu, isipokuwa kwa biti za umbo maalumu, haifiki pia chini ya jani la nakshi lililojikunja kama yale ya milango ya zamani ya Lamu na Zanzibar.

Dhana: Usahihi wa mashine unaondoa haja ya kujua mbao

Mashine inaweza kufuata mchoro kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita, lakini mbao haijali. Bao la upana wa milimita 300 likichongwa kabla halijakauka vizuri, kisha unyevu wake ukashuka kutoka asilimia 16 hadi 12, linaweza kusinyaa kwa milimita 2 au 3 kwa upana. Msaji una chembe za silika zinazochakaza makali haraka, mpingo ni mzito na mgumu kupita mbao nyingi, na plaiwudi hupasuka uso wa juu ikikatwa kwa biti inayovuta maranda kwenda juu. Hayo hayamo kwenye faili. Yamo kwa fundi aliyeshika mbao.

Dhana: Ni salama kwa kuwa mkono hauigusi

Ni kweli kwamba vidole viko mbali zaidi kuliko kwenye msumeno wa meza, na glavu zisivaliwe karibu na kitu kinachozunguka, kwa kuwa huweza kunaswa na kuvuta mkono. Lakini hatari inayosahaulika zaidi ni vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua na ya uwazi ulio katika mifupa inayoizunguka. Chembe zinazodhuru ni zile laini zinazoelea hewani baada ya mashine kuzimwa, wakati ambapo wengi huvua barakoa na kusogea karibu kutazama kazi. Barakoa ibaki usoni hadi usafi uishe, na usafi huo ufanywe kwa mashine ya kufyonza au kitambaa chenye majimaji, kwa kuwa ufagio mkavu hulirusha vumbi lile lile tena hewani.