Kurejesha mipangilio ya TrueNAS: faili la .db peke yake halitoshi

TrueNAS ni mfumo wa kuendesha NAS, yaani mashine ya kuhifadhi mafaili kwenye mtandao. Diski ya kuwashia mfumo huo ikifa, data yako haijaguswa. Imo kwenye puli, yaani lile kundi la diski zinazoendeshwa na ZFS, mfumo wa mafaili wa TrueNAS. Kilichopotea ni mipangilio: watumiaji, folda za pamoja, anwani za IP, ratiba za snapshoti (nakala za hali ya data kwa wakati fulani). Vyote hivyo TrueNAS huviweka katika hifadhidata moja ya SQLite, /data/freenas-v1.db, jina lake la zamani, FreeNAS, bado limeganda humo.

Wengi hukwamishwa na kisanduku kimoja wakati wa kupakua bekapu: Export Password Secret Seed. Usipokitia tiki unapata .db tu. Ukikitia, unapata .tar yenye .db pamoja na pwenc_secret, ufunguo unaosimba siri zilizomo kwenye hifadhidata. Mfumo uliosakinishwa upya hujitengenezea pwenc_secret yake, na hiyo haiwezi kufungua siri za zamani. Dalili zake hupotosha. Ukurasa wa utawala unakubali nywila ileile, watumiaji wote wanaonekana, lakini Windows inakataliwa kwenye folda za SMB (njia ya Windows ya kushirikiana mafaili mtandaoni), kazi za kunakili kwenda wingu zinagoma, na dataseti (sehemu za puli) zilizosimbwa hazifunguki zenyewe. Hapo watu huanza kuvuruga ruhusa za mafaili, na tatizo haliko huko kabisa. Nywila za SMB utaziweka upya mtumiaji mmoja mmoja. Dataseti zinataka funguo zake za JSON, zile zinazopakuliwa kando. Kama huna, hakuna njia ya mkato.

Kagua bekapu kabla hujaihitaji. tar -tf ikuonyeshe pwenc_secret imo. Kisha itoe .db humo, uifungue kwa sqlite3 na uandike PRAGMA integrity_check; pamoja na hiyo nukta-mkato. Jibu liwe ok. Faili hilo limebeba siri zako zote, kwa hiyo lisikae kwenye folda ya pamoja, na wala lisiwe ndani ya NAS hiyohiyo.

Kurejesha kwenyewe ni kufupi. Sakinisha toleo lilelile lililotoa bekapu. Toleo jipya zaidi kwa kawaida huihamisha hifadhidata, ila la zamani haliwezi kusoma ya toleo jipya. Ingia, fungua Manage Configuration, chagua Upload File, ipe ile .tar. Mashine itajizima na kuwaka yenyewe, na puli zitaingia kama diski zake zimeunganishwa. Usiguse umeme hapo katikati.

Ikiwa umebadilisha ubao mama au kadi ya mtandao, andaa skrini na kibodi mapema. Anwani ya IP imefungwa kwenye jina la kiolesura, mathalani enp3s0. Kadi mpya ikijiita enp5s0, NAS itawaka vizuri lakini hutaifikia. Rekebisha kwenye menyu ya konsoli, ile inayoonekana kwenye skrini iliyochomekwa kwenye mashine yenyewe, chaguo la kusanidi violesura vya mtandao.

Ukijaribu bekapu kwenye mashine ya pili, itenge na mtandao wa kawaida. Itaamka na IP na jina la ile ya kwanza, na ratiba zote zitaanza kufanya kazi, pamoja na zile zinazofuta mafaili kule nakala zinakopelekwa, kama wingu. Hili mimi naliogopa kuliko diski kufa.

Na kama huna bekapu yoyote? Ingiza puli kwanza. Ikiwa ndiyo iliyobeba dataseti ya mfumo, ile TrueNAS inamowekea mafaili yake yenyewe, TrueNAS huwa inaacha humo nakala za kila siku za hifadhidata: tafuta saraka inayoanza na configs- chini ya /var/db/system, chukua ya tarehe ya karibuni.

Ikikosekana hiyo nayo, utajenga kwa mkono, na hapo anza na namba za watumiaji. ZFS haimjui mwenye faili kwa jina, inajua UID, yaani namba ya mtumiaji. Endesha ls -ln kwenye folda za zamani, soma namba, kisha unapomuunda kila mtumiaji ijaze namba hiyo kwenye sehemu ya UID badala ya ile inayopendekezwa. Baada ya kuhifadhi, fomu haikuruhusu kuibadilisha.