Hipnosisi si usingizi, na huwezi kukwama huko
Hapa Kampala bado nasikia watu wakisema ukijifanyia hipnosisi, yaani kujituliza kwa makusudi mpaka akili izame kwenye kitu kimoja, ukazama sana unaweza usirudi, eti unalala mazima. Jamani, hapana. Jina lenyewe ndo limetuchanganya, daktari Mskoti James Braid alilieneza miaka ya 1840 akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi, na baadaye yeye mwenyewe akaona halifai akataka kulibadilisha.

Huko kuzama ni akili kutulia kwenye kitu kimoja tu. Unakaa, unatoa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta, unahesabu kumi mpaka moja ukijiona unashuka ngazi, kila ngazi mabega yanalegea, mkono unakuwa mzito juu ya paja, boda zinapita nje unazisikia ila hazikusumbui. Na matoke yakianza kuungua kwenye sigiri utanusa na utainuka, wala huhitaji mtu wa kukuamsha. Ukipitiwa na usingizi kweli, utaamka kama siku zote.

Usijaribu tu ukiwa unaendesha, na kama una ugonjwa unaokufanya usikie sauti zisizokuwepo, ongea na daktari kwanza, hilo nakuomba sana.