Bahasha ya kaki na mambo tunayodanganyana kuhusu kazi ya kwanza

Msimu wa atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya wanafunzi wa chuo, ukianza mwezi wa Mei, mlango wa stoo yetu hapa Nakuru hubishwa hodi kutwa. Vijana huja wawili wawili, baadhi wametoka chuoni Njoro, wengine wamepanda matatu Kisumu kabla ya jua kuchomoza. Kila mmoja ana bahasha ya kaki: barua ya chuo, karatasi ya bima ya ajali, nakala ya kitambulisho. Karatasi huwa ziko sawa. Shida ni yale waliyoambiwa na waliowatangulia, na mengi yake niliyaamini mwenyewe nilipokuwa atachimenti Kisumu.

"Ukijituma watakubakisha."

Kuna wanaobakishwa, sikatai. Lakini hata ufike wa kwanza na kutoka wa mwisho, kama hakuna nafasi na pesa ya kuilipia, utaagwa vizuri na kwenda. Katika ofisi za kaunti msimamizi anayekusifu hana uwezo wa kukuajiri. Kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, nafasi hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, nawe unaomba kama wengine. Uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, ile PSC, nao ni wa miezi 12 na hauahidi ajira mwishoni.

Anachoweza kukupa msimamizi ni jibu. Siku moja atapigiwa simu aulizwe, "Huyu kwenu alikuwa akifanya nini?" na inafaa awe na la kusema zaidi ya "alikuwa na heshima".

"Logibuku ni ya chuo, nitaijaza wiki ya mwisho."

Hapa ndipo huwa napandisha sauti. Logibuku ni daftari unaloandika kazi uliyofanya kila siku. Logibuku iliyojazwa usiku mmoja unaijua hata kabla ya kuisoma. Wino ni mmoja kwa wiki 12, mwandiko umenyooka kurasa za mwanzo na kufikia wiki ya tano umelala ubavu, na sentensi ni ile ile: "Nilisaidia kazi za stoo." Mhadhiri atakayekuja kukagua huenda akatia sahihi aende zake. Wewe ndiye utakayebaki na kitabu kisichokukumbusha chochote.

Sasa linganisha na hii, iliyoandikwa na kijana mmoja tuliyekuwa naye: "Jumanne. Kadi ya stoo inasema mifuko 42 ya mbolea. Nimehesabu mara mbili, ni 39. Nimerudi kwenye vocha za kutolea mali. Vocha ya Ijumaa ya mifuko 3 haikuingizwa kwenye kadi. Mzee wa stoo ameiingiza na kutia sahihi."

Mistari michache tu. Lakini mwaka mmoja baadaye, akiwa mbele ya watu watatu wanaomuuliza, "Tupe mfano wa tatizo ulilowahi kulitatua," yeye hatakodolea dari macho. Atasema arobaini na mbili, thelathini na tisa, vocha ya Ijumaa. Aliyejaza "nilisaidia" atasema yeye ni mchapakazi na anapenda kufanya kazi na wenzake, kama walivyosema wote waliomtangulia kwenye kile kiti.

Andika jioni ile ile, kabla ya kutafuta matatu. Usiandike siri za ofisi wala majina ya wateja. Andika ulichokifanya kwa mkono wako, kilichoharibika, na aliyekufundisha kukirekebisha.

"Kutumwa chai na fotokopi ni dharau."

Mara nyingine ni dharau kweli. Lakini anayepanga mafaili wiki nzima anaishia kujua nani anatudai na nani tunamdai kuliko baadhi yetu tulio na mikataba. Mpaka upo, hata hivyo: miezi mitatu ya chai tupu si mafunzo, na mratibu wa atachimenti wa chuo anatakiwa kuambiwa wiki ya tatu. Wiki ya kumi hana la kukusaidia.

"Bila mtu ndani hupati kitu."

Kujuana kupo, nani asiyejua? Ila vijana hudhani "mtu" lazima awe mjomba mwenye tai. Mimi habari za kazi ya Nakuru nililetewa na dereva wa lori aliyekuwa akishusha mali kwetu Kisumu. Aliniona nikihesabu mzigo wake bila kumcheleweshea safari, akaniambia, "Kule ninakopakia wanatafuta mtu wa stoo." Hatukuwa na udugu wowote.

Tofautisha huyo na anayekuomba "ya kuona mkubwa". PSC haitozi hela kuomba nafasi wala kuipata. Ukishatuma pesa kwa namba usiyoijua, hesabu umeipa buriani.

"PIN na HELB vitangoja nipate kazi."

Havingoji, si namba ya mlipa kodi wala mkopo wa masomo wa HELB. Ukiwa na PIN ya KRA, mamlaka ya mapato, hata usipoingiza shilingi mwaka mzima unatakiwa kuwasilisha ritani ya sifuri, yaani taarifa ya kodi inayosema hukuwa na kipato, kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 kwa kila mwaka ulioruka. Wengi waliichukua PIN wakiwa chuoni, wakaisahau, na wanaikumbuka siku wanapodaiwa cheti cha kodi.

HELB nayo huanza kudai mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe na kazi au usiwe nayo. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, lakini kinachoumiza ni adhabu ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa asiyelipa. Ukiwa huna kitu, wasiliana nao mapema. Kunyamaza ndiko ghali. Usisahau pia kwamba waajiri wa serikali huuliza hati za HELB, KRA, EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na CRB (wanaotunza rekodi za mikopo) pamoja na cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi. Hicho cha DCI peke yake ni shilingi 1,050, na alama za vidole unaenda kuzitoa mwenyewe.

"Mgeni kazini hana haki, nyamaza ujenge jina."

Mwanafunzi wa atachimenti yuko chini ya mpango wa chuo, hiyo ni habari nyingine. Ila ukishaajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inakuhusu tangu siku za majaribio. Majaribio hayapiti miezi 6, na kuongezewa hadi mingine 6 kunahitaji ukubali. Katika kipindi hicho mnaweza kuachana kwa notisi ya siku 7 au malipo ya siku hizo. Kazi ya miezi 3 na zaidi inahitaji mkataba wa maandishi.

Na ukiondoka baada ya wiki nne au zaidi, mwajiri ana wajibu wa kukupa cheti cha utumishi: ulianza lini, ulikuwa ukifanya kazi gani na wapi, ukaacha lini. Sheria haimlazimishi kukusifu. Wengi huchanganya hapo, wakaogopa kukiomba eti bosi ataona wanaomba sifa.

Mimi niliogopa. Kazi yangu ya kwanza, Kisumu, karibu na soko la Kibuye, niliifanya miezi 14. Nilipoondoka niliona kudai karatasi ni kukosa adabu kwa watu walionipa mlo, nikapeana mikono nikaenda. Miaka miwili baadaye mwajiri mwingine akataka uthibitisho wa miezi ile, nikapiga simu, haiendi. Nikapanda matatu nikaenda mwenyewe. Pale penye ofisi yetu pamejaa viatu vya mitumba, vimepangwa mpaka mlangoni. Nilimuuliza muuzaji kama anawajua waliokuwepo kabla yake. Akanijibu kwa kuniuliza navaa namba ngapi.