Samaki wa maji chumvi katoka vidoa vyeupe, dawa ya kopa (yaani shaba) unaitumiaje?

Ana vidoa kama chembe za chumvi, huo ugonjwa gani?
Mara nyingi ni kimelea kinaitwa Cryptocaryon irritans. Kangaja (surgeonfish) ndo hukipata mapema, utamwona anajisugua kwenye mawe na kuhema haraka haraka. Ila vidoa vikiwa laini kama vumbi la unga hiyo ni Amyloodinium, kimelea kingine, inaua ndani ya siku chache, usingoje kesho.

Mbona vidoa vimeisha vyenyewe?
Havijaisha jamani, hapa ndo wengi wanapoteza samaki. Kimelea kikishakula siku 3 hadi 7 kinadondoka, kinajifungia kwenye ganda huko chini mchangani, kinajigawa humo humo halafu vinatoka vitoto vingi mno vinaogelea kutafuta samaki. Kopa inaua hivyo vinavyoogelea tu, kilichojichimbia kwenye ngozi haikigusi, ndo maana unaenda siku 30 bila kukatisha hata kama samaki anang'aa.

Niimwage kwenye tangi kubwa?
Usithubutu. Kamba, konokono na matumbawe wote watakufa, na mawe na mchanga vinafyonza kopa kwahiyo hutajua kilichobaki majini ni kiasi gani. Tafuta tangi tupu, weka hita, pampu ya hewa na vipande vya paipu ya PVC vya kujifichia, basi. Kaboni (ule mkaa wa kuchujia maji) toa, inavuta dawa. Kwenye tangi kubwa pasibaki samaki hata mmoja, wengi tunaacha siku 76 ili vimelea vife kwa kukosa samaki.

Dozi je?
Angalia kwanza umenunua kopa gani. Ile ya ioni (shaba isiyofungwa) ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, zile za kileti (chelated, shaba iliyofungwa na kemikali nyingine) zinafika 2 na kitu, sasa ukichukua namba ya kileti ukaiweka kwenye ya ioni umemuua. Fuata lebo, pandisha taratibu kwa siku 2 au 3, na kipimo kiwe kinachosoma aina yako. Mi napima kila asubuhi kabla sijalisha, kile kichupa cha kipimo nakiangalia dirishani maana taa ya sebuleni inadanganya rangi. Kangaja wangu wa kwanza alikufa kwa sababu nilikuwa nakisia, bado inaniuma. Ukibadilisha maji, mapya nayo yatie kopa kiwango kile kile, na zile dawa za kupunguza makali ya amonia usichanganye kabisa, zinaifanya kopa kuwa sumu zaidi.

Amegoma kula?
Pima kopa na amonia saa hiyo hiyo. Kopa ikizidi badilisha maji, ikibidi rudisha kaboni, akianza kula ndo unapandisha tena pole pole na zile siku 30 unahesabu upya.